Dawa za kifafa na za akili ziko hospitali kubwa tu. Tuombe nini kwenye kikao cha bajeti ya kaunti?

Kikundi Mbuyuni

Hamjambo wanajukwaa. Sisi ni kikundi cha familia zinazouguza watu wenye kifafa na maradhi ya akili katika wadi ya mashambani huku Pwani ya Kenya. Tumeorodhesha wagonjwa 63. Wenye kifafa ni 38, wanaotumia dawa za akili ni 25, na kati ya hao 25 kuna 16 wanaochomwa sindano kila mwezi. Wadi ina zahanati tatu na kituo cha afya kimoja, lakini dawa zote hizi hutolewa hospitali ya kaunti ndogo, kilomita 45 kutoka hapa. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 600, na kwa kuwa mgonjwa hasafiri peke yake, ni 1,200. Nauli ikikosekana dawa inakatika, na dawa ikikatika mgonjwa anarudi pale pale.

Ushiriki wa umma kuhusu fedha za kaunti umetangazwa kuwa mwezi ujao, Februari. Sisi wenyewe tumegawanyika. Wazee wanataka tuombe wodi ya wagonjwa wa akili, akina mama wanataka dawa zifike kituo cha afya, basi. Msimamizi wa kituo naye anasema haagizi dawa hizo kwa sababu "hazina matumizi hapa". Wenye ujuzi tuelekezeni: tuombe nini, kwa nani, na tuandike vipi ili karatasi yetu isiishie kwenye droo?

Karani wa Makadirio

Akina mama wako sawa. Wodi ni fedha za maendeleo: kiwanja, ramani, zabuni, mkandarasi. Ikishajengwa inataka mishahara ya wauguzi wa akili, na hiyo ni fedha za matumizi ya kawaida, fungu jingine kabisa ambalo hakuna aliyeliahidi. Mwakilishi wadi atawaunga mkono kwa sababu jengo lina siku ya kukata utepe, lakini wodi isiyo na muuguzi hugeuka stoo ya magodoro. Dawa na mtu wa kuzitoa ni gharama ndogo na huanza kufanya kazi ndani ya mwaka huo huo wa fedha.

Sasa kalenda, maana hapa ndipo vikundi vingi huangukia. Mwaka wa fedha wa kaunti ni 1 Julai hadi 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na bajeti iwe imepitishwa kabla ya Juni kwisha. Kikao chenu cha Februari ni cha mkakati wa fedha. Pale hawanunui vidonge, wanagawa viwango vya juu vya matumizi ya kila idara. Ukisimama ukaomba "kabamazepini (dawa ya kifafa) kituo chetu" utaambiwa asante sana na hakuna kitakachoandikwa. Linalofaa kusemwa Februari ni kwamba kiwango cha Idara ya Afya, hasa upande wa huduma za msingi, kisipunguzwe, na kwamba afya ya akili itajwe kwa jina miongoni mwa vipaumbele vya idara. Isipotajwa Februari, Aprili mtaambiwa haimo kwenye mkakati.

Kituo, idadi na dawa mvitaje kuanzia Machi, idara inapoandaa makadirio, na tena Mei, kamati za bunge la kaunti zinapoyapitia. Mwisho mrudi Julai na Agosti, mpango wa mwaka unaofuata unapoandikwa. Hiyo ya Agosti hupuuzwa na karibu kila mtu kwa sababu bajeti imetoka kupitishwa na watu wamechoka, na ndiyo rahisi zaidi kuingiza jambo.

Jambo jingine. Msiombe fungu la peke yake la dawa za akili. Katika makadirio, dawa zote huwa mstari mmoja mnono: dawa na vifaa vya tiba. Kuupasua huo mstari ni vita na mhasibu, na mkishinda, fungu lenu dogo ndilo litakalokatwa kwanza kwenye bajeti ya nyongeza. Ombeni kiashiria, yaani kipimo cha kuhesabika cha kazi ya idara. Bajeti ya kaunti hupangwa kwa programu, na kila programu ina viashiria na malengo yake. Kiashiria kikishaingia, idara italazimika kukitolea hesabu kila robo mwaka, na Msimamizi wa Bajeti wa taifa (Controller of Budget) huchapisha taarifa za robo mwaka za utekelezaji wa bajeti za kaunti zote mnazoweza kulinganisha nazo.

Nauli zenu nazo ni hoja, zipigieni hesabu. Watu 63 mara shilingi 1,200 ni 75,600 kwa mwezi, yaani 907,200 kwa mwaka zinazotoka mifukoni mwa kaya za wadi moja. Andikeni namba hiyo juu kabisa ya ukurasa.

Stoo ya Dawa

Nimjibu huyo msimamizi wa kituo. Anaposema "hazina matumizi" hadanganyi, anasoma kitabu chake. Vituo huagiza kutoka KEMSA, mamlaka ya taifa ya kusambaza dawa, kwa awamu, na kiasi kinachoagizwa hutokana na kilichotolewa awamu iliyopita. Dawa ambayo haijawahi kuwepo matumizi yake ni sifuri, na sifuri mara miezi mitatu ni sifuri. Mgonjwa anayeambiwa "nenda hospitali kubwa" bila kuandikwa popote hajawahi kuhitaji dawa, kwa mujibu wa karatasi.

Mvunje mzunguko huo hivi. Kila mwenye kifafa au maradhi ya akili apite kituo cha afya kwanza, hata kama anajua dawa hakuna, aandikwe kwenye rejista ya wagonjwa wa nje. Kwa waliozidi miaka mitano ni rejista ya Wizara ya Afya MOH 204B, na muhtasari wake wa mwezi ni MOH 705B. Mwende na barua ya rufaa ya mhudumu wa afya ya jamii, fomu MOH 100, ili mgonjwa ahesabiwe pande zote mbili, jamii na kituo. Miezi mitatu ya hivyo na msimamizi atakuwa na namba za kumwonyesha mfamasia wa kaunti ndogo.

Kosa la pili liko pale dawa ilipowahi kuwepo kidogo ikaisha. Tuseme kituo kilitoa vidonge 1,200 katika robo mwaka. Karani atagawa kwa miezi mitatu, apate 400 kwa mwezi. Lakini kama dawa ilikuwepo siku 30 tu kati ya 90, matumizi ya kweli ni 1,200 kwa mwezi. Hesabu sahihi ni kiasi kilichotolewa, ugawe kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, uzidishe kwa 30. Kwa hiyo kwenye kadi ya stoo siku za kukosekana ziandikwe. Kadi isiyo na siku hizo huzaa oda ndogo, na oda ndogo huzaa siku nyingine za kukosekana.

Kwa orodha yenu, mfano wa kupanga (dozi ya kweli inatoka kwa tabibu, hii ni hesabu ya stoo tu). Watu 20 wa kifafa wanaotumia kabamazepini ya miligramu 200, vidonge vitatu kwa siku: 20 × 3 × 30 = 1,800 kwa mwezi, 5,400 kwa robo mwaka, ongeza akiba ya mwezi mmoja, 7,200. Watu 18 wa fenobabitoni, dawa nyingine ya kifafa, ya miligramu 30, vitatu kwa siku: 1,620 kwa mwezi, pamoja na akiba 6,480. Sindano ya flufenazini, ile ya maradhi ya akili, watu 16, kichupa kimoja kwa mwezi: 48 na akiba 16, jumla 64. Akiba si anasa. Mtu akikatiwa fenobabitoni ghafla anaweza kuanguka kifafa kisichokoma, na hicho huua.

Hapa kuna mambo madogo yanayoharibu kazi kubwa. Fenobabitoni ni dawa inayodhibitiwa, inataka kabati la kufuli na rejista yake. Kituo kisicho na kabati hukataa kuipokea, na kabati ni bei ya fundi seremala tu, kwa hiyo mliulize mapema. Flufenazini haihitaji friji, ni ya mafuta, inataka sindano nene iliyo kavu, tena ichomwe ndani ya msuli. Kituo kinachochoma flufenazini au kutoa vidonge vya haloperidoli, dawa nyingine ya akili, kiwe pia na dawa ya kutibu shingo inayopinda, kwa kawaida benzeksoli, itolewe tabibu akiona inahitajika. Dawa hii husahaulika kwenye oda kila mara. Kijana anachomwa, siku ya pili shingo imepinda, macho yamekwenda juu na ulimi umetoka, na kijiji kizima kinasema amezidishiwa jini. Hapo mmempoteza yeye na majirani zake kumi.

Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, msiiombe kwa ajili ya kila mtu. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo ibaki uamuzi wa daktari. Kabla ya kuandika jina lolote fungueni orodha ya taifa ya dawa muhimu. Kila dawa imeandikiwa ngazi ya kituo inakoanzia kutumika. Zahanati ni ngazi ya 2, kituo cha afya ni ya 3, hospitali ya kaunti ndogo ni ya 4. Mkiiombea zahanati dawa ya ngazi ya 4, mfamasia atawarudisha kwa mstari mmoja, na atakuwa na haki.

Mzee wa Baraza

Mimi bado niko upande wa wodi, kidogo. Mtu akipandisha usiku, anavunja nyumba, dawa ya kituo cha afya haimtoshi. Familia zinafunga watu kwa kamba kwa sababu hakuna pa kuwalaza karibu.

Stoo ya Dawa

Hoja ya haki, mzee wangu, lakini jibu lake si jengo la wadi. Ombeni vitanda viwili vitatu vya dharura ndani ya wodi ya kawaida ya hospitali ya kaunti ndogo, na ambulansi isiyomkataa mgonjwa wa akili. Madereva wengi hukataa wakidai hiyo ni kazi ya polisi. Iandikwe kwenye utaratibu wa rufaa wa kaunti kuwa ni dharura ya afya kama uzazi. Na wengi wanaofikia kuvunja nyumba ni wale waliokatika dawa wiki kadhaa kabla.

Sheria Mtaani

Naongeza upande wa sheria kwa ufupi, maana watu hupenda kutaja Katiba nzima.

Vifungu viwili vinatosha kwenye barua: Ibara ya 43(1)(a), haki ya kiwango cha juu cha afya kinachofikika, na Jedwali la Nne linalozipa kaunti vituo vya afya na famasi za kaunti. Mkishaweka hilo la pili, hakuna atakayewaambia "nendeni Mathari (hospitali ya taifa ya akili, Nairobi), hilo ni la serikali ya taifa". Kisha mtaje marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili. Yamezipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi katika vituo vyao, na yameanzisha baraza la afya ya akili la kila kaunti. Ulizeni kwa maandishi: baraza letu limeteuliwa? Linakutana lini? Swali hilo tu huwaamsha watu ofisini.

Msiulize kwa mdomo. Tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, halina ada ya kuliwasilisha, na ofisi ina siku 21 za kujibu, ikiongeza isizidi 14, mara moja tu. Wakikaa kimya, lalamikeni kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ombeni vitu vinavyoshikika: oda za dawa za kituo kwa robo nne zilizopita, kiasi kilicholetwa, na siku za kukosekana. Ukiomba "taarifa zote kuhusu afya ya akili" utapewa kijitabu.

Malalamiko rasmi kwa bunge la kaunti yaacheni kwanza. Ni silaha nzuri ila ina masharti: majina, vitambulisho, sahihi au alama za kidole, maelezo ya juhudi mlizokwisha kufanya, na kama jambo liko mahakamani au la. Mkianza nayo bila barua za awali zenye muhuri wa kupokewa, kamati itawauliza mlikwenda wapi kwanza.

Na jambo moja la kusema wazi kwenye mabaraza: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, ni kinyume cha Katiba. Familia nyingi zilikuwa zikificha kwa kuogopa polisi, na zikificha, rejista za Stoo hazijai.

Kikundi Mbuyuni

Ahsanteni mno, tumeelewana sasa hata na wazee. Mambo matatu yamebaki. Tunaweza kupeleka orodha yetu ya majina kama kiambatisho? Pili, mhudumu wa kituo alipelekwa mafunzo ya afya ya akili kisha akahamishwa. Tuombe mafunzo mengine? Tatu, kama kuna anayeweza kutuandikia mfano wa maneno yenyewe tutashukuru.

Sheria Mtaani

Majina, hapana, hapana kabisa. Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kiambatisho cha kikao cha hadhara kinapigwa picha na kuzunguka WhatsApp kabla hamjafika nyumbani. Pelekeni jumla: idadi kwa kijiji, kwa aina ya ugonjwa, kwa rika. Kijiji chenye mgonjwa mmoja au wawili kiunganishwe na jirani, la sivyo mtu atajulikana bila jina. Orodha yenye majina ikae kwa mtu mmoja, kwenye daftari la kufungiwa.

Stoo ya Dawa

Mafunzo peke yake ni pesa ya posho. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani umeandikwa kwa ajili ya wasio mabingwa, matabibu na wauguzi wa vituo kama chenu, lakini ukifundisha mmoja akahamishwa umebaki na cheti ukutani kwake. Ombeni watu wawili kila kituo, na ziara ya kila mwezi ya muuguzi wa akili kutoka hospitali ya kaunti ndogo. Siku hiyo anawaona wagonjwa wagumu pamoja na mhudumu wa kituo, anarekebisha dozi, anaondoka. Ziara ndiyo inayowapa wahudumu ujasiri wa kuandika dawa hizi siku nyingine.

Gharama yake ni ya kuwashangaza wakubwa. Kilomita 45 kwenda na 45 kurudi ni 90, mara 12 ni 1,080. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita linahitaji lita 135 kwa mwaka mzima. Linganisheni na zile 907,200 za nauli. Na siku ya ziara isiangukie siku ya chanjo, kwa sababu chumba ni kimoja na akina mama wenye watoto watapewa nafasi kwanza, na wanastahili.

Karani wa Makadirio

Maneno, basi. Ukurasa mmoja, nakala tatu: afisa wa afya wa kaunti, karani wa bunge la kaunti, mwakilishi wadi. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokewa mbele yenu, tarehe iwepo. Juu kabisa namba ya nauli, kisha ombi, kisha sheria mistari miwili. Ombi lenyewe liwe hivi, mbadilishe mnavyotaka:

"Katika programu ya afya ya msingi, tunaomba Idara ya Afya iongeze kiashiria hiki: idadi ya siku katika robo mwaka ambazo kituo cha afya cha wadi yetu kilikosa kabamazepini, fenobabitoni, flufenazini, haloperidoli au benzeksoli. Lengo: siku sifuri kufikia robo ya pili ya mwaka wa fedha. Pia tunaomba ziara 12 za muuguzi wa akili kwa mwaka, na mafuta yake, lita 135, yaingizwe kwenye fungu la usafiri la hospitali ya kaunti ndogo."

Ondoeni dawa ambayo orodha ya taifa hairuhusu ngazi ya 3, mwacheni Stoo awathibitishie. Kwa Februari mnaongeza sentensi moja mbele: afya ya akili itajwe kwa jina katika vipaumbele vya sekta ya afya. Msemaji awe mmoja, dakika tatu, na wengine wavae nguo za kawaida. Fulana zilizochapishwa zinawafanya waonekane mmefadhiliwa, na kuna atakayeuliza na nani. Kabla ya kuondoka mwangalie karani wa kikao ameandika nini. Kama ameandika "mwananchi aliomba afya ya akili izingatiwe", mwombeni kwa upole afute aandike kiashiria na lengo kama vilivyo kwenye karatasi yenu.

Mzee wa Baraza

Na chifu mwambieni mapema. Kikao hupangwa saa nne, huanza saa saba, na wanaotoka mbali huwa wameshaondoka kuwahi matatu (gari la abiria) ya mwisho.